Vidonge vya vitamini na chunusi za ukubwani

Barua za mwezi huu zimetawaliwa na chunusi za watu waliokwisha kuvuka miaka 25, na karibu kila aliyeandika ana makopo mawili matatu ya vidonge kabatini. Tumechagua maswali machache yanayobeba na mengine. Majibu ni ya watu wazima wenye afya. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye ugonjwa wa ini au figo aanze kwa daktari.

Nameza vinne kwa pamoja. Nitajuaje kipi kinafanya kazi?

*Nina miaka 33, chunusi zimenirudia kidevuni. Kwa wiki tatu nimekuwa nikimeza zinki, vitamini A, vitamini D na biotini. Wiki ya pili uso ulitulia, ya tatu umechafuka tena. Niache kipi?*

Ukienda hivi, dada, hutajua kamwe. Chunusi unayoiona leo ilianza kuziba ndani ya tundu la ngozi wiki kadhaa zilizopita, pengine kabla hujafungua kopo la kwanza. Dawa yoyote ya kumeza inahitaji wiki 12 ndipo ihukumiwe. Huko kutulia na kuchafuka kunaelekea zaidi kuwa mzunguko wako wa hedhi: kwa wanawake wengi chunusi za kidevu na taya hupanda siku chache kabla ya hedhi, kisha hushuka zenyewe, kidonge kiwepo kisiwepo.

Acha vyote vinne, isipokuwa kama daktari alikuandikia kimojawapo kwa sababu nyingine. Kaa mzunguko mmoja mzima bila kumeza kitu, ukihesabu chunusi tu. Watu hulikwepa hili, na hapo ndipo jaribio zima linapoharibika. Mtu huanza dawa siku uso wake uko katika hali mbaya kuliko zote, na baada ya hali mbaya kabisa kwa kawaida hufuata nafuu. Asipojua uso wake huwaje bila dawa, sifa ya nafuu hiyo atakipa kidonge.

Hesabu mara moja kwa wiki, siku ileile, mbele ya dirisha, uso umeoshwa na hauna vipodozi. Gawa uso sehemu tatu: paji, mashavu, kidevu pamoja na taya. Andika chunusi nyekundu na zenye usaha peke yake, na vile vidogo vyeupe na vyeusi peke yake. Madoa usiyahesabu. Pitisha ncha ya kidole: kinachoinuka ni chunusi, kilicho tambarare ni doa, na doa linaweza kukaa miezi hata baada ya chunusi kukoma. Wapo walioacha dawa iliyokuwa ikiwafaa kwa sababu tu madoa hayajaondoka.

Ukishakuwa na hesabu ya mwezi, anza kidonge kimoja, kimoja tu. Sabuni, losheni na mafuta ya nywele yabaki yaleyale. Linganisha wiki ya kabla ya hedhi na wiki ya kabla ya hedhi, si na wiki nyingine yoyote. Wiki 12 zikiisha na hesabu ya chunusi nyekundu haijapungua hata theluthi, kiache. Hicho kiwango cha theluthi tumekiweka sisi, lakini chini ya hapo tofauti inaweza kuwa bahati tu.

Zinki: namba ipi ya kufuata?

*Kopo langu limeandikwa miligramu 220, la mwenzangu 15. Yeye anasema langu ni sumu. Nani yuko sahihi?*

Huenda kila mmoja anasoma kitu tofauti. Ndani ya kidonge zinki haikai peke yake, hufungwa na kitu kingine, na lebo nyingine hutaja uzito wa mchanganyiko mzima. Miligramu 220 za zinki salfeti zina takriban miligramu 50 tu za zinki halisi. Miligramu 200 za zinki glukoneti zina karibu 30. Lebo iliyoandikwa “zinki (kutokana na glukoneti) mg 15” kwa kawaida imekwisha kukufanyia hesabu: hizo 15 ni zinki yenyewe. Lebo isiyoeleweka, mpelekee mfamasia.

Mtu mzima anahitaji miligramu 8 kwa siku akiwa mwanamke na 11 akiwa mwanaume, nazo nyingi hutoka kwenye chakula. Kikomo cha Marekani kwa mtu mzima ni miligramu 40 kwa siku, chakula na vidonge pamoja. Ulaya wameweka 25. Kwa hiyo kopo lako la 220, kama ni salfeti, limepita vikomo vyote viwili. Si sumu ya papo hapo, ila si la kumeza mwezi baada ya mwezi bila daktari.

Katika majaribio ya chunusi kipimo kinachotajwa sana ni miligramu 30 za zinki halisi kwa siku kwa miezi mitatu, ambacho kinapita kidogo kikomo cha Ulaya. Nacho kinasaidia kiasi gani? Jaribio lililochapishwa mwaka 2001 lililinganisha kipimo hicho na miligramu 100 za minosaiklini, ambayo ni antibiotiki. Walioonekana kupona vya kutosha kwa zinki walikuwa kama 31 katika kila 100, kwa antibiotiki 63. Kwa hiyo zinki si hadithi, lakini ni msaidizi. Kati ya vidonge vyote tulivyoulizwa mwezi huu, ndicho tunachoona kina haki ya kujaribiwa kwanza.

Kinachowashinda wengi ni kichefuchefu. Kumeza zinki tumbo tupu kunaweza kukutapisha ndani ya nusu saa, kwa hiyo meza baada ya mlo kamili. Usiimeze pamoja na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu, maana hugombania njia ya kuingia mwilini. Achanisha kwa saa 2 au 3. Kama unatumia antibiotiki ya doksisaiklini kwa chunusi hizohizo, meza hiyo angalau saa 2 kabla ya zinki. Zikikutana tumboni zinki huikamata antibiotiki, na unabaki unailaumu dawa kuwa haifanyi kazi.

Hatari ya muda mrefu ni shaba. Zinki nyingi kwa miezi huzuia mwili kufyonza madini ya shaba, na upungufu wake huleta upungufu wa damu, kushuka kwa chembe nyeupe, hata ganzi miguuni. Ndiyo sababu tunasema miezi mitatu, kisha uamue, si kopo juu ya kopo.

Vitamini zimeniletea chunusi?

*Mimi ni mwanaume wa miaka 29, nafanya mazoezi ya kunyanyua vyuma. Nimeanza vitamini B za mchanganyiko zenye B12 ya mikrogramu 1,000, na unga wa protini. Mwezi haujaisha, paji na kifua vimejaa vipele vinavyofanana vyote.*

Inawezekana kabisa, ndugu yetu, na ni jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Mahitaji ya B12 kwa siku ni mikrogramu 2.4, wewe unameza zaidi ya mara 400. Mwaka 2015 watafiti wa Los Angeles walionyesha kwamba B12 ikizidi mwilini, bakteria wa chunusi hupunguza kujitengenezea vitamini hiyo na badala yake huzalisha zaidi kemikali ziitwazo pofirini, ambazo huwasha ngozi. Kati ya watu 10 wenye ngozi safi waliochomwa sindano ya B12, mmoja alitokwa na chunusi baada ya wiki. Si kila mtu, basi, lakini kwa anayedhurika hali huwa kama unavyoieleza: vipele vya ghafla, vya umri mmoja, bila vichwa vyeusi. B6 ya kipimo kikubwa nayo imetajwa kufanya hivyo.

Acha vitamini B kwanza, unga uendelee. Vipele vikipungua katika wiki chache zijazo, umempata mhusika. Visipopungua, acha unga, hasa kama umetengenezwa kwa maziwa. Aina hiyo imehusishwa na chunusi kwa wanaojenga misuli. Vidonge vya mwani navyo vina iodini ya kuamsha vipele. Na kama kuna sindano za kutunisha misuli ambazo hukuzitaja, hizo ndizo za kutiliwa shaka kabla ya vitamini yoyote.

Jambo moja usilipuuze: vipele hivyo vikiwa vinawasha sana, huenda ni fangasi wa vinyweleo, si chunusi. Antibiotiki humzidishia fangasi huyo nafasi. Mwonyeshe mtaalamu wa ngozi kabla ya kumeza kingine.

Msomaji mwingine anayechomwa B12 kwa upungufu wa damu, naye ametokwa na vipele: usiache sindano. Mwambie daktari wako, chunusi zitibiwe kwa dawa ya kupaka.

Vitamini A ya IU 25,000

*Kwa kuwa ile dawa kali ya chunusi inatokana na vitamini A, si nimeze tu vitamini A yenyewe kwa wingi?*

Usifanye hivyo. IU 25,000 (IU ni kizio cha kimataifa cha kupima vitamini) ni mikrogramu 7,500 za retinoli, yaani vitamini A yenyewe, na kikomo cha mtu mzima ni 3,000, yaani IU 10,000. Zamani madaktari walijaribu vipimo vikubwa zaidi ya hicho chako kwa chunusi, na tatizo ni kwamba kiasi kinachokausha chunusi kinakaribiana mno na kiasi kinachoumiza ini. Aisotretinoini, hiyo dawa kali, ni ndugu wa vitamini A lakini huondoka mwilini ndani ya wiki chache. Vitamini A hujilimbikiza kwenye ini na kukaa miezi. Wewe unayemeza leo unaweza kuja kuumwa baada ya kuacha.

Midomo kupasuka ni dalili ya mwanzo. Nywele kunyonyoka, maumivu ya viungo na ya kichwa yasiyoisha ni za kukupeleka hospitali. Vitamini A na doksisaiklini kwa pamoja zinaweza kupandisha presha ndani ya fuvu na kuathiri macho. Kwa mwanamke anayeweza kushika mimba hatuna mjadala: retinoli inayozidi IU 10,000 kwa siku inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Ukitaka faida ya vitamini A kwa chunusi, ipake. Tumia adapalini, dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A, ya asilimia 0.1, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, usiku, ngozi ikiwa kavu, siku moja ndiyo moja hapana kwa wiki mbili za kwanza. Nayo pia haitumiki wakati wa ujauzito.

Kwa ufupi

*Niasini imenifanya niwe mwekundu na kuwaka moto uso mzima. Ni mzio?*

Niasini ni vitamini B3, nayo huuzwa kwa sura mbili. Yaelekea umenunua asidi ya nikotiniki. Kuanzia miligramu 30 hivi hutanua mishipa ya damu. Inayotajwa kwa chunusi ni nikotinamaidi, ambayo haichomi hivyo, na yenye ushahidi mzuri ni ya kupaka, asilimia 4, mara mbili kwa siku kwa wiki 8.

*Vitamini D?*

Pima kwanza. Ukipungukiwa, jaza kwa ajili ya mifupa. Chunusi zikipungua ni faida juu ya faida.

*Vitamini B5 gramu kadhaa kwa siku?*

Majaribio ni madogo, na kuhara ni jambo la kawaida kwa vipimo hivyo. Hatukushauri.

Kesho kutwa napimwa homoni

*Hedhi yangu hupitiliza miezi miwili, nimeota ndevu kidevuni na chunusi ziko kwenye taya. Daktari ameagiza vipimo vya damu. Niendelee na vidonge vyangu vya nywele na ngozi?*

Daktari wako anafuata njia sahihi: dalili hizo tatu zikikutana, huenda mifuko ya mayai inazalisha homoni za kiume kupita kiasi, na hakuna vitamini inayotibu hilo. Lakini soma lebo usiku huu. Vidonge vya nywele huwa na biotini ya mikrogramu 5,000 au 10,000, wakati mwili unahitaji kama 30. Kiasi hicho huvuruga mashine za maabara, kikapandisha au kushusha uongo majibu ya tezi ya shingo na ya homoni kadhaa. Acha sasa, na mpigie daktari umweleze kipimo ulichokuwa ukimeza. Huenda akasogeza siku ya kutoa damu, maana kwa vipimo vikubwa namna hiyo angalau saa 72 bila biotini ni salama zaidi. Ukifika maabara, waambie tena kabla sindano haijaingia. Fomu nyingi hazina nafasi ya kuuliza vitamini.