Nishati ya mwale inapimwaje wakati hauguswi?

Mkuu, umeuliza: elektroni zinakimbia karibu na kasi ya mwanga ndani ya bomba lisilo na hewa, sasa watu wanajuaje zinapita wapi na zina nishati kiasi gani? Mimi ni mwanafizikia wa tiba, nahudumia mashine ya mionzi ya hospitali, ile tunayoiita linaki. Nitajibu kwa ninayoyashika kila wiki.

Mahali si kazi sana. Kwenye mashine kubwa, bomba limezungukwa na vibamba vinne. Kundi la elektroni likipita, kila kibamba kinaitika kwa umeme kidogo, na kilicho karibu zaidi kinaitika kwa nguvu zaidi. Toa wa kushoto kwenye wa kulia, gawa kwa jumla yao, utajua mwale umeegemea wapi. Linaki yetu inatumia hesabu hiyohiyo kwa vipande vya chemba ya ayoni, yaani kijichumba cha hewa kinachotoa umeme kidogo mionzi ikipita.

Nishati ndiyo inayosumbua, kwa sababu unaisoma kupitia kitu kingine, na kitu hicho nacho kinacheza. Chukua LEP, mashine ya kukimbiza elektroni ya CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, iliyofanya kazi 1989 hadi 2000 katika handaki la kilomita 27 karibu na Geneva. Aliyekulia pwani anajua bamvua. Mwezi unaovuta bahari unavuta na mwamba pia: duara lote lilitanuka kama milimita 1. Urefu wa njia ya elektroni ulikuwa umefungwa na mawimbi ya redio yanayozisukuma, kwa hiyo sumaku zinazokunja njia hiyo zilisogea nje, elektroni zikabaki, zikawa hazipiti tena katikati ya sumaku. Nishati ikashuka karibu MeV 10 (megaelektronivolti, kipimo cha nishati ya chembe) kati ya 45,600. Mwaka 1995 wakagundua pia kwamba umeme wa treni ulikuwa unavuja ardhini na kupita kwenye bomba, nguvu ya sumaku ikawa inapanda kidogokidogo. Usiku wa manane, treni zikilala, vipimo vilitulia. Walipohesabu yote hayo ndipo uzito wa Z, chembe ndogo waliyokuwa wakiitengeneza pale, ukatoka, nao hupimwa kwa MeV: 91,187.5, kosa linalowezekana 2.1 tu. Mimi naiheshimu sana kazi ile.

Kwangu kilichonifunza ni maji. Nishati ya eksirei zetu za megavolti 6, zinazotokana na elektroni za linaki, tunaipima kwa chemba ndani ya tangi la maji: kwenye kina cha sentimita 10 kipimo cha mionzi kiwe asilimia 66.7 ya kilele, yaani ya kipimo kikubwa kabisa ndani ya maji. Jioni moja tulipanga chemba sawasawa na uso wa maji, umeme ukakatika, tukaacha. Asubuhi tukasoma 67.3. Mwenzangu alikuwa tayari ameshika simu kumwita fundi, nikamwambia subiri, nikainama nikachungulia ubavuni mwa tangi. Chemba ilikuwa imechomoza kidogo juu ya uso. Maji yalikuwa yamekauka milimita 2 usiku kucha, kwa hiyo kina tulichokiita sentimita 10 kilikuwa 9.8 tu. Tukaipanga upya, ikasoma 66.7.