Maswali yenu: winga anayekatika pumzi kipindi cha pili

Mimi ni winga. Mwanzoni hakuna beki anayenishika, lakini kipindi cha pili miguu inagoma. Kocha kaniongezea mizunguko 20 ya uwanja kila asubuhi. Itanisaidia?

Kidogo tu. Unapochomoka kwa sekunde tano au sita, msuli hutegemea sana akiba yake ya fosfokreatini (kemikali inayoupa msuli nguvu ya haraka), na akiba hiyo ni ndogo. Inajazwa kwa oksijeni, wakati unatembea kurudi kwenye nafasi yako, na kujaa sawasawa huchukua dakika kadhaa ambazo mpinzani hakupi. Mwaka 1993 mtafiti Gaitanos na wenzake waliwapima watu kwa mikupuo 10 ya sekunde 6 kwenye baiskeli, pumziko sekunde 30. Kufikia wa kumi, nguvu ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya robo.

Kwa hiyo pumzi unaihitaji, lakini mchakamchaka wa polepole hautakupa ya kutosha. Kule Norwei, Helgerud na wenzake (2001) waliwakimbiza chipukizi wa soka vipande vinne vya dakika nne, moyo ukienda 90–95% ya upeo wake, na dakika tatu za kukimbia taratibu katikati. Walifanya hivyo mara mbili kwa wiki, wiki nane. Idadi ya mbio zao za kasi katika mechi iliongezeka maradufu. Siku nyingine piga mbio fupi za kasi kamili na upumzike vya kutosha kila baada ya moja. Makocha wanaoita mapumziko uvivu wanatuharibia mawinga, na nitaendelea kulisema hili.

Asidi ya laktiki ndiyo inayonifanya nichechemee kesho yake?

Hapana! Nimelijibu mwezi uliopita na mwezi juzi. Laktati, yaani hiyo mnayoiita asidi, huwa imeshuka damuni ndani ya saa moja hivi. Maumivu ya kesho yake hutokana na nyuzi za misuli zilizoumia, hasa ulipokuwa ukifunga breki na kugeuka. Usimlipe mtu akukande eti "akutoe asidi".

Kocha anatunyima maji mazoezini ili tuwe wagumu. Ni sawa?

Si sawa. Kunyweni.

Raga ya wachezaji saba ni dakika 14 tu. Mbona wanahema kuliko sisi?

Uwanja ni uleule wa watu 15, wao wako saba. Kila mmoja ana eneo kubwa la kuziba, na nafasi ya kutembea ni chache mno. Kisha wanarudia siku hiyohiyo: Kenya ilipoichapa Fiji 30–7 kwenye fainali ya Singapore, Aprili 2016, ilikuwa mechi yake ya sita ndani ya siku mbili. Nanyi mnaocheza bonanza la siku nzima, kuleni wali, ndizi au mkate kati ya mechi. Soda moja haitoshi.

Nyuma ya paja pamenishika wiki iliyopita. Nichome sindano ya maumivu nicheze fainali ya ndondo?

Usichome. Ukiwa kwenye kasi ya juu, msuli huo ndio unaozuia mguu muda mfupi kabla haujakanyaga chini, na ukiumia mara moja ni rahisi kuumia tena. Sindano itaficha maumivu, jeraha litabaki palepale. Rudi uwanjani utakapokuwa umekimbia kasi kamili mazoezini, siku kadhaa, bila kuusikia. Na kama ulisikia kitu kikilia "pa!" au ngozi imepiga weusi, nenda hospitali leo.