Mabonde ya Rwenzori: barafu ndo ilichimba, sio mto

Wewe uliyeuliza kama mabonde ya juu kwenye milima ya Rwenzori, pale mpakani mwa Uganda na Kongo, yamechimbwa na mito, hapana bro, kazi kubwa ni ya barafu. Mto ukichimba peke yake unaacha bonde lenye umbo la V, sasa angalia picha za Bujuku, moja ya mabonde hayo ya juu, chini pamelala flati kama karai na kuta zimesimama pande zote mbili, hiyo ni barafu nzito ilikuwa inateleza polepole huku imebeba mawe na kukwangua mwamba chini yake. Ukifika Ziwa Mahoma ndo utaelewa zaidi, liko karibu mita 3000 na linazuiwa na kingo za mawe na udongo ambazo barafu ilisukuma ikaziacha hapo, yaani barafu ya zamani ilishuka mbali sana kuliko hivi vipande vilivyobaki saizi kule karibu na Margherita, kilele kirefu kuliko vyote Rwenzori kwenye Mlima Stanley, mita 5109.

Na aliyesema eti Rwenzori ni volkeno kama Kilimanjaro, hapana, ni bonge la mwamba lililonyanyuliwa na bonde la ufa. Mwaka 1906 yule Mwitaliano Duke wa Abruzzi alipochora ramani, barafu ilikuwepo kwenye vilele 6, leo iliyobaki ya maana ni Mlima Stanley, tena inakonda kila mwaka. Kama unataka kwenda nenda mapema, na beba gambuti aisee, matope ya Bigo, kile kinamasi cha njiani, hayana adabu.