Mwite mjukuu atunge uzi

Juni mwaka jana binti yangu, anayesoma kidato cha pili Dar es Salaam, alikuja likizo kwa bibi yake hapa Ndoro, Lindi mjini. Siku tatu za mwanzo ilikuwa "Shikamoo bibi", "Marahaba", basi. Mmoja barazani, mwingine chumbani na simu. Iliniuma, maana mimi nimekuzwa na maneno ya yule mama.

Nilikosea kuanza na cherehani. Nilimwomba mama amfundishe mjukuu wake kushona sketi. Lakini cherehani ya miguu ina kelele, na anayeiendesha ni mmoja. Mwingine husimama nyuma akisahihisha. Uzi ulikatika mara nne, mtoto akanuna, bibi akaanza habari za watoto wa siku hizi.

Anza na sindano ya mkono, tena kwa kitu kinachohitajika kweli. Kwetu ilikuwa doti ya kanga. Mama alitaka kuivaa siku mwali wa jirani anatolewa, ila macho yake hayaoni tena tundu la sindano. Akaita, "Mke mwenzangu, njoo unitungie uzi." Binti akatunga mara moja. Kisha ikabidi akae, kwa sababu uzi ungeisha tena.

Nimefikiri sana kwa nini maneno yalitoka pale. Kwetu mtoto hamkazii mkubwa macho. Ukimwita mzungumze, anainama na kunyamaza. Kwenye mkeka wote mmeinamia nguo, na ukimya haumwaibishi mtu. Siku ya pili binti alimwuliza bibi yake jambo la hedhi ambalo mimi hajawahi kuniuliza. Nikainuka, nikaenda jikoni. Nawe fanya hivyo: wakianza, waache.

Vipimo ndivyo vilivyomteka zaidi. Mama hatumii futi kamba. Hupima kwa shibiri na dhiraa: shibiri mbili ni dhiraa moja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na dhiraa nne ni pima. Binti akachukua futi kamba akaupima mkono wa bibi: sentimita 44. Akapima wake: 43. Jioni nzima walizunguka nyumba wakipima mlango, kitanda, hata mbuzi, kila mmoja kwa mkono wake, wakilinganisha hesabu. Sijawahi kumsikia mama akicheka vile tangu baba afariki.

Kanga ikaleta mengine. Mama alieleza foleni za miaka ya mwanzo ya 1980, nguo zilipoadimika madukani, na jinsi kanga moja ilivyokuwa vazi la kutokea, kisha mbeleko, kisha winda za mtoto, mwisho tambara la kushikia sufuria. "Winda hizo alivaa mama yako," akasema. Binti akanigeukia akaniangalia kama mtu mpya.

Machache ya kuzingatia. Uzi usizidi urefu wa mkono, mrefu hujifunga mafundo na kukatisha tamaa. Hesabuni sindano kabla ya kukunja mkeka. Upindo wa mtoto ukienda kombo, usiufumue akilala. Mwache bibi aamue, na mara nyingi ataupitisha. Na wavulana msiwafukuze: mafundi wengi wa mjini kwetu ni wanaume, na wapo mababu wanaojua kushona kofia kwa mkono ambao hakuna anayewaomba kufundisha.

Kabla ya kupanda basi, binti alitunga sindano kumi na mbili, akazichomeka kwenye kipande cha kitambaa, akakitundika ukutani karibu na kitanda cha bibi. Wiki ya tatu mama akaniambia nimpigie simu mjukuu wake. Nikamwambia mimi nipo, naweza kumtungia.

"Zako sizitaki," akasema. "Mwambie mke mwenzangu nyuzi zimeniishia."