Kabla Hujalikwangua Gari la Kale la Kimarekani: Wasomaji Wauliza

Tangu tulipogusia magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950 na 1960, barua zimekuwa zikitufikia kutoka pande nyingi. Tumechagua nne, na mbili kati yake tumezijibu kwa urefu kwa sababu zinahusu maamuzi ambayo, yakishafanyika, ni vigumu kuyatengua.

Assalamu alaikum, Mhariri. Nimeonyeshwa Ford Mustang ya mwaka 1965 inayouzwa Marekani. Muuzaji anadai kwamba ilitoka kiwandani na ile injini ya daraja la juu ambayo wapenzi wa Mustang huiita K, na bei anayotaka ni kubwa kupita ya Mustang za kawaida. Nitathibitishaje kabla ya kutuma fedha? — Msomaji, Muskati

Waalaikumu salaam, ndugu yetu. Anza na namba ya chesisi, kwa kuwa Ford ya miaka hiyo iliweka habari nyingi ndani ya namba hiyo moja. Chukua mfano wa Mustang ya kwanza kabisa katika mfululizo, yenye namba 5F08F100001, ambayo leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Henry Ford mjini Dearborn, Michigan. Tarakimu 5 ni mwaka wa modeli, yaani 1965. F ni kiwanda cha Dearborn. 08 ni bodi yenye paa la kufunua. F ya pili ni injini ya silinda 8 yenye inchi za ujazo 260, karibu lita 4.3, na zinazobaki ni namba ya mfululizo, iliyoanzia 100001. Gari hilo liliuzwa mwaka 1964 kwa rubani mmoja wa Kanada, na Ford ilipotambua thamani yake ikamwomba alirudishe, ikampa Mustang mpya badala yake.

Katika gari lako, tazama alama ya tano. Ikiwa ni K, lilizaliwa na injini ya inchi 289 yenye nguvu ya farasi 271; ikiwa ni C au A, injini ni 289 lakini si ile unayoambiwa; ikiwa ni T, lilikuwa na silinda 6 tu. Namba hiyo utaikuta kwenye kibati cha mlango wa dereva, lakini usikiamini kibati peke yake, kwani vibati vipya hutengenezwa na kuuzwa waziwazi. Ya kutegemewa ni ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe ndani ya boneti, upande wa kushoto, juu ya bati la ndani la madigadi, mahali ambapo ukingo wa madigadi umekatwa kidogo ili isomeke. Omba picha ya karibu ya mahali hapo, na uangalie kama kuna dalili za kuchomelea pembeni mwa namba. Akikwambia muuzaji kwamba ana ripoti ya rekodi za kiwandani, kumbuka kuwa Marti Report, ambayo hutolewa kutokana na kumbukumbu za uzalishaji za Ford, huanzia modeli za 1967. Kwa gari la 1965, shahidi wako ni chuma.

Kisha mtafute mtu huko aliko muuzaji akakague kutu, na aanzie mahali pasipoonekana. Chini ya kioo cha mbele cha Mustang kuna mfereji wa bati uliofunikwa, unaopitisha hewa kwenda ndani. Majani na maji ya mvua hukaa humo, na bati huoza kuanzia ndani huku rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Mtu wako amwage maji taratibu kwenye matundu yaliyo chini ya kioo, na mwenzake ainame kutazama chini ya dashibodi. Matone yakidondokea zulia, ipunguze bei kwa kiasi kikubwa au liache gari hilo, kwa sababu bati hilo limeunganishwa kwa nukta nyingi za kuchomelea na halitoki mpaka kioo na madigadi zifunguliwe. Apitishe pia sumaku iliyofungwa kitambaa sehemu za chini za milango na juu ya magurudumu ya nyuma: inapoacha kushika, chini ya rangi hapo kuna puti, ile lipu inayojaziwa mahali bati lilipoharibika.

Mhariri, mzee jirani yangu ameniuzia Chevrolet Bel Air ya 1957 aliyokuwa nayo tangu ujana wake, ambayo imelala gereji kwa miaka mingi. Rangi imefifia, kiti cha dereva kimechanika kidogo, lakini kutu si nyingi. Rafiki zangu wananihimiza niling'oe kila kitu, nilipake rangi mpya na niliwekee injini ya kisasa. Nianze na nini? — Msomaji, Minneapolis

Anza kwa kutofanya lolote lisiloweza kurudishwa. Bel Air za 1957 zilizokarabatiwa upya ni nyingi mno, na nyingine zinang'aa kuliko zilivyotoka kiwandani. Zilizobaki na rangi, vitambaa na skrubu zake za mwanzo ni chache, na kila mwaka kuna zinazokwanguliwa. Rangi iliyofifia inaweza kusafishwa kwa upole na kupakwa nta. Ikishapigwa msasa mpaka kwenye bati, hakuna fundi duniani atakayeweza kukurudishia ile iliyopakwa na mikono ya mwaka 1957. Chama cha Antique Automobile Club of America, kilichoanzishwa mwaka 1935, kina daraja maalumu la magari yaliyohifadhi sehemu zake za asili, kwa hiyo huna haja ya kuona haya kwa kiti kilichochanika.

Kuhusu injini, usipige stati hata kama betri mpya iko tayari. Toa plagi zote, mimina oili kidogo katika kila silinda, iache ipenye kwa siku kadhaa, ndipo uizungushe taratibu kwa mkono. Toa petroli yote ya zamani, kwa kuwa ikikaa miaka hugeuka kuwa gundi inayoziba kabureta na mabomba. (Mdomo wa tenki huwasumbua wengi: umefichwa nyuma ya pambo la kromu kwenye pezi la kushoto, yaani ncha ya bodi iliyoinuka juu ya taa ya nyuma.) Kama bado lina injini yake ya silinda 8 ya inchi 283, una bahati kubwa, kwani ukoo huo wa injini ulioanza mwaka 1955 ukiwa na inchi 265 ulitengenezwa kwa miongo mingi na vipuri vyake vinapatikana kwa urahisi. Ya kisasa itakupa wepesi, sikatai, lakini ili iingie utakata na kuchomelea, na gari litapoteza sauti yake.

Breki ni jambo jingine, na hapo siombi uhalisi. Masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, ya gari hili ina chumba kimoja tu, hivyo mpira mmoja ukipasuka, magurudumu yote manne hukosa breki kwa pamoja. Mifumo miwili inayojitegemea ilienea katika magari ya Kimarekani kuanzia modeli za 1967. Badilisha mipira yote ya breki hata ile inayoonekana mizima, badilisha na matairi, na wengi wenye busara huweka masta silinda ya vyumba viwili. Sehemu unazozitoa ziandike majina na uzihifadhi sandukuni.

Tena, mwendee mzee wako kwa heshima zake, ukae naye, umwombe risiti, picha na funguo za akiba, na urekodi simulizi yake ya siku alipolinunua. Fanya hivyo wiki hii.

Shikamoo Mhariri. Babu alituachia pikapu ya Chevrolet ya 1964 inayotumia kabureta. Je, petroli ya siku hizi inaiharibu? — Msomaji, Arusha

Marahaba. Madini ya risasi yaliyokuwa yakitiwa kwenye petroli yalizuia injini kugonga, na pia yaliacha utando uliokinga viti vya valvu, yaani kingo ambazo valvu hukalia zinapofunga. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006, na injini nyingi za miaka hiyo ya babu hazikuwekewa viti vya chuma kigumu. Ikiwa pikapu hutembea mjini kwa mwendo wa wastani, usiwe na wasiwasi. Kinachoila ni safari ndefu za kasi na milima yenye mzigo. Siku silinda hedi itakapofunguliwa kwa sababu nyingine yoyote, mwambie fundi aweke viti vigumu. Kwa sasa zingatia zaidi oili: tafuta yenye zinki ya kutosha, kwa ajili ya kuikinga kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu.

Mimi ni mwanafunzi wa usanifu na sina uwezo wa kununua gari la aina hii. Nianzie wapi kuyaelewa, hasa yale mapezi ya nyuma? — Msomaji, Nairobi

Anzia angani. Harley Earl, mkuu wa usanifu wa General Motors, kampuni inayotengeneza Cadillac, alivutiwa na ndege ya kivita P-38 Lightning yenye mikia miwili, na Cadillac ya 1948 ikatoka na vipezi vidogo vilivyobeba taa za nyuma. Mwaka 1957 Virgil Exner wa Chrysler alitoa magari mapana, ya chini, yenye mapezi yaliyopaa, na General Motors ikajibu kwa Cadillac ya 1959, ambayo mapezi yake hayakupata kupitwa kwa urefu na ambayo kila pezi hubeba taa mbili zenye umbo la risasi. Kisha wimbi likashuka haraka.

Tafuta picha ya ubavu ya Cadillac hiyo na ya Lincoln Continental ya 1961, uzichore kwa kalamu ya risasi katika kipimo kimoja. Kwenye Lincoln mstari mmoja unatoka taa ya mbele hadi ya nyuma karibu bila kupinda, na milango ya nyuma inafungukia nyuma; mapambo yote ya pembeni yameondolewa. Ni miaka miwili tu kati yao. Ukishazoea kuona tofauti hizo kwenye karatasi, hudhuria maonyesho ya Concours d'Elegance yanayofanyika Ngong Racecourse hapo hapo Nairobi, na ukipata nafasi ya kufika Ghuba, lipo jumba la makumbusho ya magari ya kale Sharjah. Chukua daftari badala ya simu, uwaombe wenye magari ruhusa ya kuchuchumaa, na utazame namna bampa zilivyoungana na bodi.