Ndoo ya chumvi ya kunyonya unyevu: kabatini inasaidia, chumbani angalia ukuta kwanza

Mkuu umeuliza kama ile ndoo ya chumvi ya mawe inanyonya unyevu kweli, maana chumba chako cha chini hapo Mombasa nguo zinanuka uvundo na viatu vinaota ukungu tangu masika yaanze. Mimi niliitengeneza. Nakaa Unguja, Mji Mkongwe, nyumba ya mawe ya zamani, na nilianza hangaika siku nilipofungua sanduku nikakuta picha za harusi za wazazi wangu zimegandana zote, hata moja haikubanduka nzima. Mpaka leo inaniuma.

Kutengeneza ni rahisi. Ndoo ndogo unaitoboa matundu chini kwa msumari wa moto, unajaza chumvi ya mawe, mi niliweka kilo 5, unaitumbukiza ndani ya ndoo kubwa ila chini unaweka kipande cha tofali ili maji yapate pa kudondokea. Siku ya tatu nikakuta maji kama kikombe kimoja, nikafurahi sana, alafu nikanunua kipimo cha unyevu nikakitundika ukutani, kinasoma 84, wiki nzima 84 ileile.

Sababu nilikuja kuielewa baadae. Chumvi ya kawaida inaanza kuvuta maji pale tu unyevu wa hewa ukizidi kama asilimia 75, chini ya hapo inakaa tu, kwahiyo hata ikifanya kazi yake yote bado chumba kitabaki na unyevu ambao ukungu unaupenda. Na hewa yenyewe imebeba maji mengi aisee, chumba cha mita 3 kwa 4, kimo mita 3, joto nyuzi 30, unyevu 85, hapo ndani kuna karibu lita nzima ya maji yanaelea, na ukifungua dirisha inaingia nyingine. Kikombe changu kilikuwa hakigusi kitu.

Kabatini ni habari nyingine. Mlango umefungwa, hewa kidogo. Humo saivi natumia kalsiamu kloraidi, zile kopo za plastiki za supamaketi zinazojaa maji chini, inavuta hata hewa ikiwa kavu zaidi, ila weka mbali na watoto na yale maji yasimwagikie bawaba wala zipu maana yanakula chuma vibaya. Mkaa nao niliujaribu kwenye soksi, harufu ulipunguza, unyevu kidogo sana, na lazima uuanike juani mara kwa mara.

Lakini kilichoniokoa hasa ni nailoni. Nilikata kipande kama sahani, nikakibandika ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, nikakiacha siku mbili. Maji yalikuwa upande wa ndani, yaani kati ya nailoni na ukuta, kwahiyo yalikuwa yanatoka ukutani kwenyewe, sio hewani. Kumbe fundi aliyetangulia alipiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa, maji yanapanda toka chini ardhini, zamani yalikuwa yanapumulia kwenye chokaa, saivi yamezibiwa njia. Tulibomoa ile saruji kimo cha kama mita moja na nusu, tukapiga plasta ya chokaa, tukapaka chokaa juu badala ya rangi ya mafuta, na ilichukua miezi kukauka usikate tamaa njiani. Kabati nalo nililisogeza kiganja kimoja toka ukutani hewa ipite nyuma. Kipimo sasa siku ya jua kinashuka mpaka 68.

Wewe bandika nailoni leo usiku kabla hujanunua ndoo. Maji yakiwa upande wa nje ujue ni hewa, basi acha kuanika nguo humo ndani, na kama una AC iwashe ile sehemu ya kukausha hewa. Yakiwa upande wa ndani niambie ukuta wako ni wa tofali za saruji au mawe, maana dawa zake hazifanani.