Maswali Yenu: Salamu, misiba na michango kwenye grupu la WhatsApp

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Chake Chake na ndiye ninayesimamia grupu la wazazi. Kila asubuhi mmoja anatoa salamu, wengine hamsini wanaitikia mmoja mmoja. Nikitia tangazo la mtihani, ikifika saa nne limeshazama. Nikiwakataza naonekana sina dini. Nifanyeje?
*Mwalimu, Chake Chake*

Wa alaykumu salaam, mwalimu. Dini yenyewe imekurahisishia. Salamu ikitolewa kwa watu wengi, kuitikia ni fardhi kifaya: akiitikia mmoja, dhima imewaondokea wote. Anayependa kuitikia mwenyewe ataitikia kwa ulimi pale alipo. Hilo mwombe maalim mmoja aliyemo grupuni alieleze yeye, maana neno la msimamizi watu hulichukua kama amri, na la maalim hulichukua kama elimu. Aongeze pia kwamba salamu na shida ziandikwe pamoja katika ujumbe mmoja. Mtu anayetuma salamu tupu kisha akanyamaza amezililisha simu zote bure.

Tangazo lako libandike juu ya grupu. Shikilia ujumbe kwa kidole, chagua kubandika, na utaulizwa muda: saa 24, siku 7 au siku 30. Siku 7 zinatosha. Likishapita wakati libandue, kwa sababu lililokaa sana watu hawalisomi tena. Yale mazito, kama tarehe za mitihani na ada, yafungulie grupu la pili ambalo wasimamizi peke yao ndio wanaoandika. Hili la mazungumzo usilifunge. Wazazi wakikosa pa kusemea wataanzisha lao, na humo wewe hutakuwemo.

Baba yetu mkubwa amefariki mwezi uliopita. Binti yake aliyeko Muscat aliujua msiba kwenye grupu la ukoo kabla hatujampigia simu, na jamaa wengine walifika makaburini maziko yameshakwisha. Msiba unatangazwa vipi?
*Msomaji, Wete*

Poleni sana, Mwenyezi Mungu amrehemu. La binti kuikuta habari ya baba yake grupuni ni zito, na kulizuia si kazi kubwa. Kabla ya kuandika chochote, apatikane mtu mmoja wa kuwapigia simu wazazi, mume au mke, watoto na ndugu wa tumbo moja. Asiyepatikana hewani atafutwe mtu aliye karibu naye akamwambie uso kwa uso. Mpaka hapo kila mmoja azuie kidole chake, hata kwa "Inna lillahi" bila jina, kwa sababu mtu atauliza ni nani, na mwingine atajibu. Wakishajua hao wote, mtu mmoja aliyeteuliwa na familia ndiye aandike.

Tangazo litaje jina kamili la marehemu na lile analojulikana nalo mtaani, ni mtoto wa nani na mzazi wa nani, nyumba ya msiba, msikiti atakaposaliwa, makaburi, na nambari moja ya simu ya mtu ambaye kweli atapokea.

Saa ndiyo inayowaponza wengi. Ukiandika "atazikwa saa 10 leo", wa Wete anaelewa alasiri, lakini jamaa aliyezoea kusoma saa ya simu anafikiri ni asubuhi, au anaona muda umeshampita. Hilo "leo" nalo linasafiri: ujumbe ukifika grupu jingine usiku au kesho yake, leo ya anayesoma siyo yako. Kwa hiyo taja siku, tarehe, sala na saa: "Jumanne tarehe 14, baada ya sala ya alasiri, saa 10 alasiri kwa saa za Zanzibar." Muscat wako mbele yetu kwa saa moja. Uingereza wako nyuma kwa saa mbili majira yao ya joto, na tatu majira ya baridi.

Muda ukibadilika, WhatsApp inakuruhusu kurekebisha ujumbe wako ndani ya dakika 15 tu, na marekebisho hayazifikii nakala zilizokwisha kupelekwa kwengine. Andika tangazo jipya zima, lianze kwa maneno "MABADILIKO YA SAA", kisha lile la kwanza lifutwe na mwenyewe au na msimamizi. Ukiandika "samahani, ni adhuhuri" peke yake, hayo hayatafuatana na tangazo linaposambazwa. Na picha ya maiti haitumwi, hata akiiomba mtoto wake.

Nikiletewa habari kwamba boti ya kesho ya Unguja imeahirishwa kwa upepo, huipeleka kwenye magrupu yangu na kuandika "kama nilivyoipokea". Shemegi yangu ananilaumu. Nina kosa?
*Msomaji, Mkoani*

Unalo. Maneno hayo hayampunguzii hasara mgonjwa aliyeacha kusafiri kwa habari ya uongo. Na sisi tuliozika watu wa meli zilizozama, Spice Islander mwaka 2011 na Skagit mwaka 2012, habari ya boti na upepo hatuipokei kama habari nyingine: kila nyumba huanza kupiga simu.

Ujumbe wenye mishale miwili juu yake umeshapita mikono mingi, na aliyekuletea huenda hajui ulikoanzia. Angalia kama una tarehe na jina la chombo. Piga simu ofisi inayokata tiketi, na habari ya upepo itafute kwenye taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Usipopata uhakika, usipeleke. Ukishapeleka na ikabainika si kweli, rudi kwenye grupu lile lile ukanushe kwa maneno bayana. Kufuta kimya kimya hakumsaidii aliyekwisha kusoma. Anayesambaza uongo huku anajua, kwa nia ya kupotosha umma, ana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo inatumika na Zanzibar: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Picha za wanawake ukumbini kwenye harusi, zitumwe grupuni?
*Msomaji, Mwanakwerekwe*

Bila ridhaa ya kila anayeonekana, hapana. Simu nyingi huhifadhi picha za WhatsApp zenyewe, na simu hiyo huchezewa na watoto na kaka. Kufuta kwa wote kunawezekana kwa siku mbili na saa kadhaa, lakini aliyekwisha kuihifadhi anayo.

Orodha ya michango ya harusi yetu kila mtu anainakili na kuongeza jina lake. Majina yanapotea, watu wananuna. Na mshika fedha anataka kuwataja wasiolipa.
*Bibi mmoja, Ng'ambo*

Majina hayaibiwi na mtu, bibi. Wawili wakiinakili orodha yenye majina ishirini kwa wakati mmoja, kila mmoja anaandika la ishirini na moja. Wa tatu akiichukua ya mwisho kutumwa, jina la yule mwengine limeshaondoka. Mshika fedha peke yake ndiye aiandike. Wanaochangia wamwandikie faragha kiasi na jina, naye atoe orodha mpya mara moja kwa siku, saa ile ile, yenye tarehe juu.

Wasiolipa asiwataje. Aweke jumla iliyopatikana na kiasi kilichobaki, kisha kila mwenye ahadi amwandikie peke yake: "Dada, ahadi yako ya elfu 50 bado ipo, au nikuandike kwa mwezi ujao?" Mwenye dhiki atasema ukweli faragha. Ukimtaja mbele ya wakwe zake hatalipa, na harusini hatafika.